Spiriti ya Resini

Kila asubuhi, kabla hajaonja chai, wifi yangu Swaroopa alifungua chupa kubwa ya resini, akainusa, akaguna, ndipo akaanza kazi. Mimi nilikuwa mfagiaji wa maabara alimofanya kazi. Resini ni punje nyeupe laini, kama unga wa muhogo uliolowa. Ukipitisha majimaji ya damu ya sungura humo, inashika kingamwili tu, takataka zinapita. Ikipumzishwa lazima ilowe kwenye spiriti, la sivyo inaoza.

Siku moja alinusa akarudi nyuma. Inanuka kinamasi! Mtu alikuwa ameinyonya spiriti, akajazia maji ya bomba.

Daktari Venugopal, mkuu wa maabara, alipiga meza ngumi, vioo vikaruka. "Ufunguo wa kabati la resini unao wewe, Swaroopa! Kabla ya chakula cha mchana niletee jina la mtu, au polisi wakuchukue wewe na kazi uisahau!"

Tulikwenda chumba cha lango, tulikokuwa tukiishi na mumewe, kaka yangu Yadagiri, mlinzi. Alikuwa anakula mkate wa mtama na pilipili, pumzi zote spiriti.

"Ulinichomoa ufunguo kiunoni nimelala," wifi alisema.

"Nimeonja tu. Pombe gani hiyo mnaitia mchanga!" Akacheka.

"Namwambia Daktari."

Kicheko kikakatika. Alimpiga kwa sahani ya bati usoni, akamshika nywele, akakigonga kichwa chake mlangoni. "Sema ulisahau mwenyewe! Wewe mwanamke, watakuhurumia."

"Nikisema hivyo, nani atanikabidhi resini tena mji huu?"

"Utapika wali!" Akampiga teke la mbavu. Nikamng'ang'ania mkono. Kofi lake lilining'oa jino.

Wifi aliinuka, akajifuta damu kwa ncha ya sari, akatoka. Kaka akamfuata na rungu la ulinzi.

Uani wafanyakazi walikuwa wameketi na vyombo vyao vya chakula, Daktari kati yao.

"Ni mume wangu," wifi alisema kwa sauti. "Alikunywa spiriti, akatia maji."

Rungu likamtua begani. Akapiga magoti. Likamtua mgongoni. Hakuna aliyesimama, mmoja aliendelea kutafuna. Lilipokuja mara ya tatu wifi alilidaka, akalivuta, akampiga kaka kwenye kiwiko. Nilisikia mfupa. Akampiga tena kwenye goti, kaka akaanguka akilia, "Mama yangu! Ananiua huyu!"

"Basi, Swaroopa, basi!" Sasa ndipo Daktari aliposimama. "Kazi yako ipo, dada yangu. Kesho uje."

"Nije kwa nani? Nimepigwa hapa, mna wali mdomoni."

Akalitupa rungu. Kaka alijaribu kumshika mguu, wifi akamkanyaga vidole akapita.

"Wifi, unakwenda wapi?" niliita, damu ikinitoka.

"Sukutua na maji ya chumvi, wifi," alijibu bila kugeuka.

Lango halikuwa na mlinzi wa kumfungulia. Alilisukuma mwenyewe, akashika barabara ya vumbi la malori, na hajarudi mpaka leo.