Kilio ya Paulin na Kaseti ya Mwalimu

Mwaka ile basoda wenye bunduki walikuwa ba kila rangi ya nguo, mupaka mutu hakujua tena nani anatawala nani. Mwaka ile Godelive wa mutaa wa Kimemi hakusikia baridi. Na Butembo ni muji ya baridi, asubui ukungu inaingia mupaka ku mulango sawa mugeni. Yeye alikuwa anashuka ku soko na maharagi yake ya Musienene, kichwa wazi, bila shali, mvua inamunyeshea. Bamama wenzake banamusemea:

"Godelive, utakufa na pneumonie!"

"Unataka maharagi ao unataka maneno?"

Na hakulia pia. Hiyo ndiyo batu walimuona nayo mubaya.

Mutoto wake Paulin alikuwa na miaka kumi na tisa. Basoda walimutosha ku nyumba saa kumi na moja ya asubui, bakamupeleka nyuma ya miti ya kalitusi, bakamupiga risasi. Juu ya nini, hakuna mutu alisema. Kule Kimemi batu bana desturi yao: mwizi ao musoda akiingia kwako, unapiga sufuria. Jirani anasikia, anapiga yake. Wa ngambo anapiga. Kilima nzima inalia mabati na bisufuria na filimbi, na ule aliyekuya na ubaya anakimbia. Asubui ile hapana mutu alipiga. Batu walikuwa nyuma ya milango, kila mutu na sufuria ku mukono. Godelive pia alikamata yake, na mwiko ya bugali. Mukono ilikataa. Alisikia risasi mbili, halafu jogoo ya Jokébed, jirani yake. Basi.

Korali ya paruasi, baimbaji ba kanisa, ilikuya kuimba ku kilio. Yeye mwenyewe aliimba mu korali ile miaka makumi mbili, sauti ya pili. Siku ile nyimbo ilipita juu yake sawa mayi juu ya jani ya matembele. Akaangalia midomo ya benzake inafunguka na kufunga. Akafikiri: balifunga mulango, sasa banafungua midomo.

Mwaka ikapita. Shemeki yake Lusenge, mudogo wa bwana yake marehemu, akapanda kutoka Kipese na kofia yake ya kuongea maneno makubwa.

"Mama Paulin, mwezi unaokuya tunatosha kilio, tumalize matanga. Korali itaimba, tutakunywa kasiksi ya ndizi, tutakunyoa kichwa, mutoto apumuzike. Lakini kuko neno."

"Sema."

"Utatosha kilio gani, wewe ambaye hata haukulia? Mutu anavua nguo ambayo hakuvaa? Bazee ba Kipese banasema, mama asipolia siku ile, kilio haitoki. Paulin atabakia ku mulango, hatapumuzika."

"Bazee ba Kipese bakuye balie bao wenyewe, bana macho."

Lusenge akaenda na hasira. Lakini ile neno, kwamba Paulin atabakia ku mulango, ikabakia mu nyumba.

Nyuma ya lupango ya Godelive, ku kiwanja ingine, kulikuwa mwalimu mumoja, Ignace, mutu wa Kasai. Serikali ilimutuma Butembo mbele ya vita kuanza, na vita ikafunga barabara, akabakia pale sawa mbuzi ambaye mwenyewe alisahau kamba. Siku moja mangaribi, Godelive akasikia kwa mwalimu kitu kinakwangua, kinapiga kelele sawa msumari ku bati. Akavumilia. Akashindwa. Akapita ku mulango ya nyuma.

"Mwalimu, radio yako inakufa. Inalia sawa nguruwe ku Noeli. Peleka kwa fundi."

Ignace akacheka. "Hapana, maman. Radio iko muzima. Hii ni musiki."

"Musiki ya nani?"

"Ya Ulaya. Kaka yangu mukubwa anasoma Bruxelles, alinitumia kaseti mbele ya vita. Kule bazungu banavaa kravati, banaketi kimya, banasikiliza."

"Kwa lazima?"

"Kwa mapenzi."

"Kumbe bako bagonjwa." Na akavuta kiti, akaketi. Godelive hakuwa mutu wa kusimama wakati kiti iko.

Mwanzo kulikuwa na bioloni mingi za nyuzi, kila mumoja na njia yake, sawa nyuki balifukuzwa. Kisha bijana ba gitari, banalalamika kwa nguvu, ngoma inaanguka na kuinuka, wimbo unakatika katikati na hakuna mutu anaomba pardon.

"Hawa mama yao hakubafundisha?" akauliza.

"Nazani balitaka kukasirisha mama yao."

Halafu, ku mwisho ya upande ya pili, hapakuwa tena sauti ya mutu, hapakuwa ngoma. Kelele tu. Chuma juu ya chuma, sawa mashini ya kusaga mihogo batu bameweka ndani misumari. Dakika mingi. Ignace akanyoosha mukono aizime.

"Acha."

"Maman, hata mie hii sehemu inanishinda."

"Nimesema acha."

Akasikiliza mupaka kaseti ikajifunga yenyewe. Korali ilikuwa inamuambia: lia, sasa lia. Hii kelele haikumuambia kitu. Haikumuhurumia. Akauliza: "Nani alikufa?"

"Hakuna mutu, maman. Balitengeneza tu."

"Basi banaficha."

Kesho yake akarudia. Na kesho kutwa. Analeta maharagi ndani ya kibakuli, anasema "wasingya, mwalimu," sawa vile Banande ba Butembo banashukuru, anaketi, anasema: "Weka ile ya misumari." Mapile ya radio ilipokwisha nguvu, akainunua mwenyewe. Bajirani walianza kuchekelea: mujane wa Kimemi amepata muchumba Mukasai mwenye radio mubovu. Akasikia, akainua shingo, akapita.

Siku ya kutosha kilio ikafika, jumamosi, saa nane ya muchana. Lusenge alileta groupe électrogène ya kutosha umeme, mashini ya kaseti, na bafle mbili kubwa za sauti. Korali wamevaa nguo yao. Kasiksi iko ndani ya bidon, dumu kubwa. Ignace aliketi pembeni, anaona haya. Lusenge akasema korali ianze.

Godelive akasimama, akapita mbele ya korali, akatoa kaseti ya mwalimu mu kitenge yake, tayari ku ile ya misumari, akaiingiza mu mashini mwenyewe.

"Shemeki, hii ni nini?"

"Ni ya Paulin. Keti."

Kelele ikatoka mu bafle. Ku radio ndogo ya mwalimu ilikuwa msumari. Hapa ilikuwa mabati ya muji muzima inang'olewa. Batoto wakafunga masikio. Mama mumoja wa korali akafanya alama ya musalaba. Lusenge akapiga kelele, hakuna aliyemusikia.

Na juu ya kilima, sufuria ikajibu.

Moja. Halafu mbili. Mutu wa juu alisikia chuma ku Kimemi, na masikio yake hayakujua Ulaya. Yalijua tu desturi. Akapiga. Jirani akapiga. Ngambo ya mutoni bakapiga. Filimbi. Mabati. Mu dakika tano kilima nzima ilikuwa inalia, muchana kweupe, madukani milango inafungwa, batu banateremuka mbio na bifagio na mapanga.

Ignace akaruka kuzima mashini. Godelive akamushika mukono. Hakumuangalia, alimushika tu.

Jokébed akatokea wa kwanza, anahema, sufuria nyeusi ku mukono, mwiko ku ingine.

"Bako wapi? Bako wapi, Godelive?"

"Hawako."

"Sasa nani..."

"Balipita mwaka jana."

Jokébed akaangalia bafle, akaangalia korali, akaelewa. Mukono yake ikashuka.

"Siku ile niliikamata," akasema. "Niliikamata, nikasimama."

"Najua. Mie pia."

Godelive akamutosha Jokébed sufuria ku mukono, na mwiko. Akapiga. Hakupiga sawa mutu wa hasira. Alipiga sawa mutu anapepeta maharagi, pole, kwa kipimo. Batu walikuwa wamejaa lupango, na kila mutu alikuya na yake, na kwa haya ya kusimama bure na sufuria, nao wakapiga. Hata Lusenge, ku bidon. Kaseti ikaisha na hakuna aliyejua imeisha.

Baadaye bisufuria bikashuka. Lusenge akakuya karibu, akamuchungulia macho. Yalikuwa makavu.

"Mama Paulin, haukulia."

"Leta wembe."

"Lakini bazee..."

"Bazee bamesikia mupaka Kipese. Leta wembe, Lusenge."

Akaketi ku kiti kidogo. Jokébed akamunyoa, nywele inaanguka ku kitenge. Korali walisimama tu, hawakujua bafanye nini na midomo yao. Ukungu ilikuwa inaanza kushuka toka kalitusi, upepo ikapita juu ya kichwa mupya.

Godelive akaweka mukono ku kichwa.

"Iko baridi," akasema. "Nileteeni shali."