Kipandio cha Nne

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Naishi ng'ambo ya kichochoro kutoka kwa akina Ummukulsu, hapa Kuttichira, kusini mwa India, na dirisha langu halina pazia. Kulsu aliporudi kutoka Sharjah, baada ya miaka kumi na mmoja ya cherehani, nilimshuku kila mtu kwa niaba yake.

Kwetu nyumba ni ya wanawake. Mwanamume akioa, huhamia kwa mkewe. Kaka yake Hamsakoya alihama zamani, ila sasa alitaka nyumba iuzwe, na bila sahihi ya Kulsu haiuziki. Mama yao, wanayemwita Umma, yuko kitandani ghorofani, kumbukumbu zake zinakuja na kwenda.

"Kila Ijumaa nakaa naye mpaka alasiri," Hamsa alikuwa akimwambia dadake kwa simu kule Sharjah. Ni kweli, Ijumaa nilimwona akiingia. Ya ndani sikuyaona.

Halafu kuna Moideen wa duka la dawa, aliyefiwa na mke. Alikuja na dawa za mama na kishada cha asumini kwa Kulsu. Alipanda ngazi mbele yetu, akaruka kipandio cha nne bila hata kutazama. Ubao wake ulilegea mwaka wa mafuriko, Kulsu akiwa ng'ambo. Siku Kulsu aliyorudi nusura umvunje mguu.

"Mtu baki anaijuaje nyumba yako kukushinda?" nilimnong'oneza.

Hamsa aliposikia, alicheka. "Huyo anachumbia nyumba, si wewe. Umri wako huu, asumini za nini?"

Maneno yalimchoma Kulsu. Asumini za siku zilizofuata alizirudisha mlangoni, na usiku alilia, aliniambia mwenyewe.

Jumatatu Hamsa alileta karatasi. Niliitwa kuwa shahidi.

"Weka hapa, mdogo wangu. Na hapa."

Kulsu alishika kalamu, akasita. "Aanze Umma. Mpelekee aweke dole gumba."

"Si amelala?"

"Mwamshe. Si wewe uliyezoea kukaa naye?"

Hadi leo sijui kama Kulsu alimtega. Hamsa alipanda ngazi na karatasi zake kwa hatua za mwenye nyumba. Kimoja, viwili, vitatu, kisha ubao ukabinuka, mguu ukazama mpaka gotini. Karatasi zilitawanyika sakafuni.

Hakuna aliyemkimbilia. Nilijionea haya kwa yote niliyosema juu ya Moideen.

Sauti ya mama ilishuka kutoka juu. "Nani huyo mgeni? Moideen hakumwambia aruke cha nne?"

Kulsu alimtazama kaka yake, macho yamejaa machozi. "Si mgeni, Umma. Ni Hamsa."

Sauti ya mama ikashuka tena.

"Hamsa? Kumbe na yeye alikuwa safarini? Karudi lini?"

Kulsu alifunika kalamu.