Samaki wa bosi na vidonge vya rangi mbili

Leo nimemtukana bosi, kumbe yuko nyuma yangu.

Mimi wa Lindi, hapa Geita natunza samaki wake wa tangi la kioo. Mmoja alioza mkia, nikamtenga kwenye ndoo ya maji safi. Siku ya nne akaanza kupona.

Leo natoka kuchota maji, namkuta karudishwa kwa wenzake! Unga wa vidonge vya rangi mbili, zile antibiotiki za watu, umetapakaa majini, samaki wote wanatweta juu.

"Mjinga gani kafanya hivi?"

"Mimi. Machimboni tulimwagia hiyo kwenye vidonda, tukapona."

"Shikamoo, bosi."

"Shikamoo baadaye. Okoa samaki!"

Nimeokoa watatu. Yule wa ndoo kafa.

Bosi anasema nilichelewa kumpa dawa.

Jamani, ningemjibu nini?