Kalvati ya Baba Mkubwa

Watu husema mzee akizikwa, makosa yake yazikwe naye. Wanaosema hivyo hawakulala jikoni kwa mama zao miaka miwili wakiwa na ndevu. Mimi nililala.

Barua ya chuo kikuu kutoka Kampala ilipofika, baba mkubwa aliisoma kanisani kabla mimi mwenyewe sijaishika. Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo yeye ndiye aliyesimama mahali pake, na sifa zote za barua ile akazichukua yeye. Lakini mimi nilikuwa nimeona mafundi wakilaza boriti za daraja jipya kule Migori. Nilishinda ukingoni siku tatu, hata chakula sikukikumbuka. Na ofisi ya barabara pale Homa Bay ilikuwa ikitafuta vijana wa kufundishwa ujenzi huku wakifanya kazi. Nikaenda huko. Kampala nikawaandikia kwamba siji.

Yawa, jamani! Baba mkubwa aliniita mbele ya wazee wa kanisa. "Wenzako wanakwenda kusoma vitabu, wewe unakwenda kupiga vigingi vya barabara kama mfungwa?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Na mimi nilihitaji kigingi kimoja tu kutoka kwake. Kwetu kijana hajengi simba, nyumba yake ya kwanza ya ujana, mpaka baba amwonyeshe mahali na kupiga kigingi cha kwanza kwa mkono wake. Bila simba usijisumbue kupeleka posa. Utaulizwa mke utamlaza wapi. Nilipomwendea, hata kiti hakunipa.

"Si wewe ndiye fundi wa vigingi? Jipigie."

Nikameza. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini hilo halikuwa katika masomo yake.

Mwaka wa pili wa kazi yangu, barabara ya kwenda Migori ikaanza kupanuliwa, nayo ilipita mbele ya lango lake. Saveya, mpima barabara aliyekuwa akinifundisha, Mhindi mpole asiyependa maneno, aliniachia darubini ya miguu mitatu, akaniambia nichague mwenyewe upande wa kuchimba mtaro. Kushoto kulikuwa na uwanja mtupu. Kulia, lango la baba mkubwa. Boma letu lilikuwa mbele zaidi, mtaro haungelifikia. Maji yangekwenda vizuri upande wowote, sitadanganya. Nikapiga vigingi kulia, na kila nilipoinua nyundo nilimtaja.

Mvua za masika zikaja, mtaro ukajaa, lango lake likatengana na barabara. Sasa, kwetu lango la boma halihamishwi ovyo, na mwenye boma hapiti kwenye tundu la ua kama mwizi wa kuku. Akabaki ndani. Jumapili tatu kiti chake kanisani kilikaa kitupu. Mama akaniambia, "Mwanangu, imetosha." Nikamwambia bado.

Mwishowe aliniita, yeye ndani ya lango, mimi barabarani, maji katikati yetu.

"Mwanangu, hakuna kalvati ya kuniwekea hapa, maji yapite chini nami nivuke juu?"

"Haipo kwenye mchoro, Baba. Lakini mchoro hubadilika. Njoo kwetu kwanza unipigie kigingi."

Akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake asubuhi alivuka. Alivaa suti ya kanisani, suruali ameikunja, viatu mkononi, na maji ya tope yakampanda mpaka mapajani, suruali yenyewe ikalowa. Mama alisimama langoni kwetu akatazama chini. Mimi sikutazama chini. Baba mkubwa alinionyesha mahali, akapiga kigingi mara tatu. Nilimshukuru kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa. Nilifurahi, na mpaka leo sijutii.

"Na kalvati italetwa lini?" akauliza.

"Nitaangalia stoo, Baba."

Kalvati zilikuwa nyuma ya lori letu tangu wiki ya kwanza ya mtaro, chini ya turubai, nimezipima mwenyewe kwa upana wa lango lake. Ningepiga mluzi tu, vibarua wangezishusha akiwa bado anakunywa chai ya mama. Badala yake nikamshika mkono kwa heshima zote, nikamsindikiza mpaka ukingoni, nikasimama hapo nikimtazama akikunja tena ile suruali.