Msamaha Nilioushona

Watu wa komini ya Kenya, si nchi bali wilaya ya hapa Lubumbashi, umeme ukikatika hununa. Mimi hufurahi. Studio yangu ni chumba kimoja nyuma ya nyumba ya kupanga. Kushoto wanachomelea madirisha, kulia kuna mashine ya kusaga mahindi, na mbele kuna kanisa ambalo spika zake ni nyingi kuliko waumini. Umeme ukikatika vyote vinanyamaza, nami nawasha betri zangu na kufanya kazi. Rekodi zangu zote nzuri zilifanyika majirani wakiwa wamekaa nje wanalalamika.

Ufundi niliupata parokiani, kwa mzee mmoja aliyekuwa zamani akitengeneza simu za reli, kisha akastaafu na kukabidhiwa sono, ndivyo tunavyoita vyombo vya kupaza sauti. Alinibebesha nyaya mwaka mzima kabla ya kuniruhusu kugusa kitufe. Akina mama wa kwaya walinicheka. Waliniita bibi wa nyaya, wakasema hakuna mwanaume atakayeoa mwanamke anayenuka lehemu. Walikosea. Aliyenioa aliondoka kwa sababu nyingine kabisa.

Mzee hakuwa na maneno mengi. Alinifundisha kwamba mtu wa kawaida husikiliza wimbo, lakini fundi husikiliza kile kisichotakiwa kuwepo: waya unaovuma, benchi linalolia, mtu anayekohoa katikati ya misa. Alinifundisha pia kwamba unaweza kukata upendavyo, ila rekodi ya kwanza haifutwi. Nilimuuliza kwa nini. Alisema kama sijui kwa nini, basi nirudi kubeba nyaya.

Nilipopata kompyuta yangu mwenyewe na kaski nzuri za masikioni, niliamini nitaishi kwa muziki. Vijana walikuja, kila mmoja akitaka sauti yake inenepe, na wengine wakitaka niwafichie kwamba hawajui kuimba. Niliwafichia. Lakini kilichonipa jina mjini si nyimbo, ni vilio. Kilio chetu huchukua siku kadhaa: hema barabarani, viti vya plastiki kwa wageni, na ndani ya nyumba wanawake wafiwa wameketi chini kwenye mikeka. Siku hizi zipo familia zinazopenda kusikia sauti ya marehemu kabla jeneza halijatoka. Wananiletea simu yake. Napitia vokali zote, yaani zile jumbe za sauti alizowatumia watu, nachagua maneno mazuri, nayasafisha, naweka kwaya ya chini chini nyuma yake. Watu wanalia, wanapata nafuu. Nilijivunia kazi hiyo, na bado najivunia, isipokuwa mara moja.

Marehemu alikuwa mama mjane wa mfanyakazi wa reli, familia ya Kikatoliki yenye asili ya kaskazini mwa Katanga. Kitinda mimba wake aliniletea simu asubuhi, akanipa namba ya siri, akaondoka mbio kwa sababu maziko yalikuwa kesho yake. Haikupita saa moja, mwanamke wa rika langu akasimama mlangoni. Alikuwa na vumbi la safari hadi kwenye nyusi.

"Yaya," alisema, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "miye njo mutoto yake wa kwanza."

Aliishi Kitwe, Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Miaka sita nyuma baba yao alipofariki, hakuja kumlilia. Hakunieleza kwa nini, nami sikumuuliza. Tangu siku hiyo mama yake hakupokea simu yake hata mara moja. Sasa amekuja kwenye kilio cha mama, na kaka zake wamemkalisha nje kwenye kiti cha plastiki pamoja na wageni. Wamemwambia ni neno la mama mwenyewe: asikae kwenye mkeka, asitupe udongo kaburini.

"Banasema mama alikataa," alisema. "Lakini miye sikumusikia. Angalia mu simu. Kama alisemaka juu yangu, unisikilizishe. Kama alinisamehe, nitabakia. Kama hapana, nitarudia Kitwe, sitabasumbua tena."

Nilimwambia arudi alasiri.

Umeme ulikatika kama saa nne, nikaanza kusikiliza. Mama huyo alikuwa na sauti ya kukwaruza, yenye haraka, na kicheko kilichotangulia mzaha wenyewe. Baada ya saa mbili nilishaanza kumpenda. Ndipo nikaifikia vokali aliyomtumia mdogo wake wa kike, mkulima wa kule Lukafu. Ilikuwa na alama moja tu pembeni, haikuwahi kumfikia.

"Uyu wa Kitwe asikuye ku kilio yangu," alisema. "Hakukuyaka kulilia baba yake, miye asinililie. Akiuliza, umuambie ni miye nilisema."

Kisha alisahau kuzima simu. Kwa muda mrefu kidogo alisikika akipepea mbabula, jiko lake la mkaa, makaa yakitatarika, naye akipumua kwa pua kama mtu anayefikiria jambo. Halafu basi.

Nilivua kaski nikakaa. Nilimkasirikia marehemu, jambo ambalo si adabu. Niliwaza yule mwanamke kwenye kiti chake cha plastiki, akipewa kikombe cha chai kama mgeni katika kilio cha mama yake, na roho ikaniuma. Sijui kama nilichofanya baadaye kilikuwa huruma au majivuno. Nadhani huruma ilifungua mlango, majivuno yakaingia na kukaa.

Nilikuwa nimeshakutana na vokali ambayo mama huyo alimtumia binti wa jirani aliyevunja chupa yake ya chai: "Nimekusamehe, mutoto yangu, usilie." Katika nyingine alimwita katekista aje kuchukua vitambaa vya altare: "Kuya ku nyumba, nakungoyea." Nilizikata na kuziunga. Shida ilikuwa moja: ya kwanza aliisemea ndani, ya pili uani, na sikio lolote lingesikia anaruka kutoka chumba hadi chumba. Basi nilirudi kwenye ile vokali ya hasira. Nilichukua mwisho wake, ule upepo wa mbabula, nikautandika chini ya maneno yote. Nilichukua na pumzi yake moja, nikaiweka kabla ya neno "nimekusamehe". Juu ya kiungo nikapitisha kwaya. Nilipomaliza nilisikiliza mara kumi na sikuona mshono. Sijawahi kufanya kazi safi kuliko ile.

Alasiri alikuja, nikamsikilizisha. Hakulia. Aliomba nirudie mara moja, akatazama sakafu, akasema, "Merci, yaya," akaondoka.

Kesho yake niliicheza mbele ya hema zima. Mdogo wa marehemu, aliyefika alfajiri kutoka Lukafu, ndiye aliyepiga yowe la kwanza, na wengine wakafuata. Mkubwa wa wale kaka alitoka ndani, akavuka katikati ya wageni, akamshika dada yake mkono, akamwinua kutoka kile kiti akaenda kumkalisha kwenye mkeka. Makaburini yule dada alitupa udongo kama watoto wengine. Nilisimama kando ya spika zangu nikijiona nimefanya kazi kumshinda padri.

Mzee wangu alikuwepo pia, kwa sababu alifahamiana na mume wa marehemu huko relini. Alinisogelea nikiwa nakunja nyaya.

"Umekata muzuri," alisema. "Ile pumzi uliitoa wapi?"

Nilijifanya nahangaika na waya uliojifunga fundo. Hakurudia swali, na hadi alipokufa hakuligusa tena. Laiti angenigombeza.

Kuna mtu aliyeirekodi kwa simu pale hemani, na kutoka hapo ikatembea. Nikaanza kuisikia. Niliisikia sokoni, kwenye kibanda cha kuchaji simu. Niliisikia kwa fundi cherehani. Mteja wake alikuwa ameifanya mlio wa simu. Nilikwenda Kasumbalesa kupokea meza ya kuchanganyia sauti iliyotokea Zambia, na nikiwa nimesimama kwenye msururu wa malori, simu ya mbadilisha pesa ikalia, na yule mama akanisamehe. "Nimekusamehe, mutoto yangu, usilie." Mbadilisha pesa alimwacha amalize ndipo akapokea.

Hilo la simu ningelizoea. Sikuzoea lile la studio. Nilikuwa nikichanganya wimbo wa vijana, wimbo wa harusi tu, na kabla ya kiitikio nikasikia pumzi ya puani. Nilitafuta wimbo mzima, sauti moja moja. Kwenye skrini mstari ulikuwa umenyooka, hakuna kitu. Nilirudisha nyuma, nikaisikia tena. Tangu hapo imekuwa ikija kila penye ukimya: kabla ya gitaa kuingia, baada ya mwimbaji kumaliza, pale ninaponyoosha mkono kuzima mashine. Haitishi kama mzimu wa hadithi. Ni mtu anayekaribia kusema, na hasemi. Niliogopa, nasema wazi. Nilianza kujaza nyimbo za watu hadi zisiwe na nafasi hata ya kijiko, na wateja wakanisifu kwamba sasa nina mtindo wangu.

Na kazi ziliongezeka, hilo ndilo lililonikera zaidi. Kwaya za komini nyingine zilinitafuta, wachungaji walinitafuta, kila mmoja akianza na "weye njo ulitengeneza ile ya mama wa reli?" Nikajibu ndiyo. Jina langu lote limesimama juu ya mama aliyesema kinyume cha kile watu walichomsikia akisema. Mara mbili niliweka kidole kwenye kitufe cha kufuta ile vokali ya kwanza. Mara mbili nikakiondoa. Za vilio niliacha kupokea. Niliwaambia watu mashine ya kusafishia imeharibika.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Mwaka jana, mchana, umeme ukiwa umekatika, yule mwanamke wa Kitwe akaingia tena. Alikuwa amekonda. Alikaa bila kukaribishwa.

"Nimekuya kukamata ile ya kwanza," alisema.

"Ya kwanza gani?"

"Yenye mama alisema mwenyewe."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka mitatu, na ilifika mwisho pale kwenye kiti cha wateja. Nilimuuliza tangu lini anajua.

"Siku ile ile," alisema. "Miye nilibeba jina ya mama yake. Toka nazaliwa ananiitaka mama. Akifurahi, mama. Akitaka kunipiga, mama. Hakuniitaka mutoto yangu hata siku moja. Ile ni ya batoto ya bengine."

Desturi hiyo ipo hata katika ukoo wetu. Mpwa wangu mwenyewe anaitwa baba na baba yake, kwa kuwa alipewa jina la babu. Nilisikiliza vokali zote za yule mama nikiwinda kelele za waya, na sikufikiri kuuliza binti yake alipewa jina la nani.

"Na kaka zako?" nilimuuliza.

"Bote baliyua. Hata mama mudogo wa Lukafu. Njo maana alilia wa kwanza, bengine bafwate. Kaka alikuwa anatafuta namna ya kuniingiza mu nyumba bila kuvunja neno ya mama. Weye ukamupatia."

Basi miaka mitatu nilijibebesha mzigo wa kudanganya hema zima, na hemani hakudanganyika mtu. Walikuwa wameuona mshono wangu kwa neno moja, wakauvaa hivyo hivyo kwa sababu ya baridi. Niliona aibu. Niliumia kama fundi pia, heri nikiri.

"Kama yote yaliisha vizuri," nikamwambia, "ya kwanza unaitakia nini? Ni maneno makali."

"Nayua."

"Hakukusamehe, dada. Niliitafuta kila mahali. Haipo."

"Nayua, yaya. Bote balinisamehe, yeye tu njo hapana." Alijifuta uso kwa kiganja. "Lakini ile yenye kutembea mu simu ya bantu haiko mama yangu. Naisikia ku Kitwe, naisikia ku njia, kila siku muntu mwingine ananiongelesha na sauti ya mama. Yeye mwenyewe nimeanza kumusahau. Nipe yake."

Nilifungua faili. Nilikosea kuandika jina lake mara mbili kabla halijafunguka. Sikumpa kaski, nilitumia spika ndogo, ili nami nisikie, kwa sababu niliona ni haki yangu ya kuadhibiwa. Mama akasema. Uyu wa Kitwe asikuye ku kilio yangu. Binti aliinamisha kichwa kama mtoto anayegombezwa mbele ya wageni. Maneno yakaisha, mbabula ikaanza kupepewa, ile pumzi ikapita mahali pake, kati ya mlio na mlio wa mkaa. Hakuinua kichwa mpaka ilipokatika.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha. Safari hii nilisikia pikipiki inapita nyuma ya neno "asinililie" na kulimeza nusu. Ni kelele ndogo, ningeitoa kwa dakika mbili. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kipanya, kama ulivyokwenda kwa kila sauti niliyowahi kupewa. Akanishika kiwiko.

"Acha, yaya. Usimuguse."

Nikaweka mikono magotini. Mama akaanza tena tangu mwanzo, na kila alipotua, binti alimjibu taratibu, "Ndiyo, mama."