Nusu Kifuniko

Shamba la pamba la kigango chetu, huku upande wa Kasoli, tulililima wote kwa mikono yetu. Tulitaka mauzo yake yaezeke kanisa kabla ya mvua, maana kuta zilikuwa zimesimama bila paa na tulikuwa tukisali chini ya turubai. Namshukuru Mungu kwa nguvu alizonipa msimu ule. Nilipalilia nikiimba, na vijana kadhaa niliwaacha nyuma.

Kupulizia dawa tulimwachia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kwa kuwa alikuwa na bomba lake. Tulimkabidhi chupa zote mbele ya altare, nami nikaziombea.

Vitumba vilipofunguka, ndani mlikuwa na funza. Tulichochuma kilikuwa fifi tupu, pamba chafu ya daraja la chini, na mnunuzi alikigeuza kwa mguu. Ng'ambo ya njia, shamba la shemeji lilikuwa jeupe pee.

Nilimkuta akishindilia pamba kwenye magunia.

"Mwadila, shemeji."

"Mwadila, katekista! Umekuja kunibariki au kudai mbuzi?"

"Nimekuja kuuliza habari za dawa. Ulipimaje?"

"Nusu kifuniko kwa kila bomba."

"Tuliambiwa kifuniko kizima."

Akacheka. "Shamba la Mungu, shemeji, mwenyewe halali. Langu mimi nani angelilinda? Nusu iliyobaki nimeipulizia huku."

Angeiba chupa waziwazi ningeumia kidogo. Lakini alipita kila mstari, bomba mgongoni, sisi tukimpelekea maji na kumwita mtumishi mwema. Bwana shamba alishatuonya kwamba dawa hafifu haimwui funza, humzoesha tu. Afadhali asingepulizia kabisa. Tungejua mapema kwamba tuko peke yetu.

Imani inaniagiza nisamehe, na kila asubuhi najaribu. Mvua ilitukuta Jumapili katikati ya Injili, turubai likachanika, akina mama wakawafunika watoto kwa khanga zao.

Msimu mpya ulipofika, kikao kilitaka kumpa dawa tena, maana bomba ni lake. Mikono iliinuka, wangu haukuinuka.

"Bomba nitaazima kwingine," nikasema, "na nitapulizia mwenyewe."

Shemeji alinitazama, kisha akamtazama dada yake. Mke wangu aliinamisha kichwa. Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma, na chakula cha mchana hakuna aliyekipakua.