Ugali wa Mulongo na Mama Mkwe

Mulongo alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha sabuni, mkaazi wa Makadara, na mtu wa kujiandaa. Wanaume wa kanisa lao walipopanga kwenda kupiga kambi milimani, alinunua meko ndogo: mtungi wa gesi wa kubebwa kwa mkono mmoja, na kichomeo kinachofungwa juu yake. Kambini mvua haikuacha kunyesha. Wanaume wengine walisali. Mulongo alikunywa chai. Aliporudi akaiweka meko juu ya kabati, akamkataza mkewe Nekesa kuigusa.

"Hiyo ni ya dharura," alisema.

"Stima imepotea na hatujala," Nekesa alimwambia siku moja. "Hiyo si dharura?"

Mulongo alifikiri kidogo. "Hiyo ni Alhamisi ya kawaida," akasema, akatoka kwenda kununua chapati.

Mwezi wa nne mama yake Nekesa, Annah, alikuja kutoka Bungoma kumwona mjukuu wake Vivian, aliyekuwa bado anatambaa. Kwa mila zao, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawatazamani usoni, wala hawakai chumba kimoja. Kijijini hilo ni jambo rahisi, kuna nafasi. Nyumba ya Mulongo ilikuwa chumba kimoja na pazia. Kwa hiyo alihamia kwa rafiki yake Opicho, jengo la pili, akawa anamsikia mama mkwe wake kwa habari tu.

Jumamosi Nekesa alikwenda zamu kwenye kiwanda cha mikate. Mvua ikanyesha asubuhi nzima, mto ukafurika, barabara ikafungwa, stima ikakatika. Adhuhuri akampigia mumewe.

"Siwezi kutoka huku. Mama na mtoto hawajala, na koili ya stima haiwaki. Nenda uwapikie na ile meko."

"Si apike yeye?"

"Anaogopa gesi. Na Kaluki wa mlango wa pili amekwenda Machakos. Baba Vivian, leo si Alhamisi."

Mulongo aligonga mlango, akahesabu pumzi chache, akaingia akitazama dari. Annah alikuwa amekwisha kumbeba mtoto na kuingia nyuma ya pazia. Mulongo akashusha meko, akaitoa hadi kwenye varanda ili isiwashwe ndani, akafunga kichomeo na kufungua gesi.

"Vivian," sauti ya Annah ilisema kutoka nyuma ya pazia, "mwambie baba yako kuna kitu kinanuka."

Vivian hakusema lolote.

Mulongo alifunga gesi mara moja. Akakagua, akakuta mpira wa kwenye shingo ya mtungi umepasuka. Ndani ya boksi la meko mlikuwa na mwingine mpya. Akaubadilisha, akafungua gesi tena kidogo, akapaka povu la sabuni kwenye maungio. Sabuni haikuwa shida nyumbani mwake. Hakuna kiputo hata kimoja kilichotokea. Akangoja harufu iishe, ndipo akawasha kiberiti.

Chai ilichemka vizuri. Akaiweka kwenye meza karibu na pazia, akatoka. Aliporudi kikombe kilikuwa kitupu.

Shida ilikuwa ugali. Meko ile ilitengenezwa kwa watu wa chai. Kila Mulongo alipokandamiza mwiko, sufuria iliteleza na mtungi ukayumba. Alijaribu kuushika kwa magoti. Akaona hiyo ni njia ya kufika mbinguni mapema, akazima.

"Vivian," alisema, "mwambie nyanya yako ugali umenishinda. Unahitaji mtu wa kushika sufuria."

Kisha pazia likafunguka. Annah alitoka na mtoto mgongoni, leso imefunika kichwa hadi kwenye nyusi, na vitambaa viwili mkononi. Akachuchumaa, akashika masikio ya sufuria, uso wake ukielekea barabarani, Jogoo Road. Mulongo akawasha tena, akasonga huku akitazama ukuta.

"Unga," Annah alisema.

Akaongeza.

"Umetosha. Geuza kutoka chini."

Akageuza. Ugali ukaiva, mgumu upande mmoja. Wakala na maziwa, yeye varandani, mama nyuma ya pazia.

"Wa kwangu umeungua kidogo," Annah alisema baada ya muda, bila kumtaja mtoto tena.

"Pole, mama."

"Nimeshakula mbaya zaidi. Baba yake Nekesa alijaribu mara moja."

Jioni Nekesa alifika, viatu mkononi, akamkuta mumewe akiosha sufuria na mama yake akimwelekeza kupitia pazia.

Desemba wakaenda Bungoma. Mulongo akapeleka blanketi, Annah akampa kuku, wazee wakasema maneno yao, na mwiko wa kutotazamana ukaondolewa. Mulongo akanyoosha mkono. Annah akaushika, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, akamtazama tena.

"Nilidhani wewe ni mrefu," akasema.